Tope Limekwisha, Utelezi Haujaisha

Mvua ya kwanza ya msimu inaponyesha hapa mjini, watu wengi tunaianza siku kwa kuhesabu magari yaliyogongana. Nusu saa ya manyunyu inatosha. Vumbi na mafuta yaliyolala juu ya lami miezi kadhaa huchanganyika na yale maji machache, barabara ikawa kama sakafu iliyomwagiwa sabuni, na madereva ambao jana walikuwa mabingwa leo wanagonga nguzo za taa. Kisha tunailaumu mvua. Juma hili nawaomba tutoke mjini, twende mkoani Ruvuma, kwenye barabara iteremkayo kutoka Mbinga hadi Ziwa Nyasa. Historia ya barabara ile, na ya pikapu zilizopita juu yake, inaeleza habari ya utelezi kuliko makutano yoyote ya Dar es Salaam.

Asiyefika Mbinga aelewe kwanza sura ya nchi yenyewe. Ni nchi ya milima, makazi ya Wamatengo, nayo imesimama hasa. Mji wa Mbinga uko takriban mita 800 juu ya ziwa, na katikati yake kuna milima inayopanda tena kabla ya kukubali kushuka. Mvua huanza Novemba au Desemba ikaendelea hadi Aprili, na kwa mwaka hupita milimita 1,000. Udongo ni mwekundu, wa mfinyanzi. Ukikauka ni mgumu kama tofali. Ukilowa ni mafuta ya kupikia.

Wamatengo waliyajua maji ya mlimani zamani sana. Kilimo chao cha ngoro, ambacho wataalamu kutoka nchi za mbali wamekuja kukitazama, ni kilimo cha mashimo. Mlima mzima unachimbwa vishimo vya miraba, mazao yanapandwa kwenye kingo, na majani yaliyofyekwa yanafukiwa chini ya kingo hizo yawe mbolea. Mvua ikinyesha, kila shimo linapokea maji yake na kuyatuliza. Hakuna tone linalopata nafasi ya kukimbia na udongo wa mtu. Barabara ilipokuja, haikujengwa kwa akili hiyo. Ilichongwa ubavuni mwa mlima, magurudumu yakachimba mifereji miwili, na maji ya mvua yakapata njia ya kuteremkia bila nauli.

Kabla ya barabara hiyo, mizigo ilikwenda kichwani mwa watu. Na hapa kuna jambo ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka, ingawa si la kuchekesha. Katika miaka ya utawala wa Wajerumani, moja ya mali kubwa zilizotoka kusini mwa nchi yetu ilikuwa mpira wa pori, utomvu wa mitambaazi ya msituni. Watu waliukusanya, wakauza, wakapata fedha ya kodi. Huko Ulaya, John Boyd Dunlop alikuwa amekwisha kutengeneza tairi lake la upepo mwaka 1888, baiskeli zilienea, magari yakafuata, na viwanda vikaulilia mpira. Basi mpira wa kusini ulitembea kwa miguu ya wapagazi hadi pwani, ukapanda meli, ukaenda kuwazungusha watu wa London na Berlin, wakati watu wa kusini wenyewe hawajaona hata alama ya tairi ardhini. Walikuja kuiona baadaye, na walipoiona ilikuwa imenasa kwenye tope.

Kwa watu wa mwambao wa Nyasa, barabara kuu ilikuwa ziwa. Hata vita ya kwanza ya dunia, ilipofika huku kwetu, ilianzia kwenye usafiri wa majini: tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilikwenda Liuli, ambako Wajerumani walipaita Sphinxhafen, ikaipiga meli yao, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Miaka mingi baada ya hapo, mtu wa Mbamba Bay aliyetaka kwenda mbali aliona afadhali kusubiri MV Songea au MV Iringa impeleke hadi bandari ya Itungi, Kyela, kuliko kupanda gari kwenda Mbinga wakati wa masika. Meli ilichelewa, naam, lakini haikuteleza.

Gari lilijijenga polepole. Kahawa ilianza kupandwa Umatengo katika miaka ya 1920, chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kikaanzishwa katika miaka ya 1930, na baada ya vita ya pili yakaja magari aina ya Land Rover, ambayo yalianza kuuzwa duniani mwaka 1948. Serikali ilikuwa nayo, misheni zilikuwa nayo, mtu wa kawaida alikuwa nayo pale tu alipopewa lifti. Kahawa yenyewe haikuwa na shida kubwa na tope, maana huvunwa kiangazi. Kilichosafiri masika ni mbolea, mahindi, samaki wa ziwani wanaopanda kwenda kuuzwa Mbinga, na wagonjwa. Mama mwenye uchungu hangoji Mei barabara ikauke. Ukitoka mwambao kumpeleka mgonjwa hospitali ya Litembo au ya Peramiho, tope lilikuwa sehemu ya ugonjwa wake.

Miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 sina haja ya kuwasimulia waliokuwapo. Baada ya vita ya Kagera hakukuwa na fedha za kigeni. Petroli ilikuwa kwa foleni, vipuri kwa kujuana, na tairi lilikuwa jambo la kuandikiwa barua. Tulikuwa na kiwanda chetu cha General Tyre pale Arusha, kilichoanza kutoa matairi mwaka 1971, na madereva wa barabara mbovu walikiheshimu kwa sababu tairi lake lilikuwa gumu. Lakini kiwanda nacho kilihitaji fedha za kigeni kununua malighafi. Basi tairi moja lilitumika hadi meno yote yakaisha, likawa kipara, kisha likatumika tena hadi nyuzi zikaonekana. Ndipo likakatwa kuwa kandambili. Katika miaka hiyo madereva walijifunza tabia mbili ambazo tutarudi kuzitazama: kuvumilia tairi kipara, na kutoa gia kwenye mteremko ili gari lishuke lenyewe bila kula mafuta.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuingiza bidhaa, na pikapu za Kijapani zikaanza kumiminika. Wakazi wa Dar es Salaam walizipokea kwa jina la chai maharage, zile pikapu zilizofungwa mabenchi ambamo abiria walikaa magoti kwa magoti. Mbinga zilikuta fedha ya kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha MBICU kilikuwa bado hai, kabla ya kuanguka kwake katika miaka ya 1990, na mkulima aliyekuwa na misimu miwili mizuri aliweza kuingia shirika na nduguye wakanunua Hilux iliyotumika. Ikawa basi, ikawa lori, ikawa gari la wagonjwa na la maiti, vyote kwa namba moja ya usajili.

Hapo ndipo elimu ya tope ilipoanza kufundishwa kwa wengi. Nami niliipata kidogo, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, nikiwa abiria wa nyuma katika safari ya kutoka Mbinga kwenda ziwani mwezi wa Februari.

Pikapu, ndugu wasikilizaji, ni gari la ajabu. Imetengenezwa kwa ajili ya mzigo ambao haupo. Injini iko mbele, dereva yuko mbele, uzito wote uko mbele. Lakini katika pikapu nyingi magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, na huko nyuma, bodi ikiwa tupu, hakuna kitu ila springi ngumu na upepo. Gurudumu linashika ardhi kwa kadiri linavyokandamizwa. Lisipokandamizwa huzunguka tu mahali pamoja, au huamua kupitia njia yake, na mkia wa gari ukataka kutangulia kichwa. Ndiyo maana dereva wetu wa siku ile, mzee mmoja mkimya aliyefunga koti la mvua kwa kamba ya katani, alipakia magunia mawili ya mchanga kabla ya kumpakia abiria hata mmoja, akayaweka juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Si mkiani. Ukiweka uzito wote mkiani, alitueleza, mbele kunanyanyuka, nao usukani utakuwa unazungusha hewa.

Tulipofika kwenye mwinuko wa kwanza alishuka, akachutama kando ya kila gurudumu na kijiti, akatoa upepo kwa kusikiliza. Hakuwa na kipimo. Tairi lililolegea kidogo hulala chini, likaongeza eneo la kugusa ardhi, likaacha kuzama. Baadaye aliamuru wanaume tusimame nyuma kabisa tushikilie vyuma, maana sasa alitaka uzito zaidi kwenye magurudumu yanayosukuma, na palipomshinda hata hapo alifunga minyororo. Sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1973 isingefurahia kutuona. Kwenye mteremko alirudi kwenye gia ileile ambayo angepandia, akaondoa mguu kwenye breki, akaiacha injini ishikilie gari. Breki, alisema, hukamata gurudumu. Gurudumu likikamatwa kwenye tope linakuwa ski. Hakutumia neno hilo, bila shaka. Alisema linakuwa ganda la ndizi.

Na mwendo wetu? Mtu mzima mwenye fimbo angeweza kutupita. Kilometa sitini na kitu zilituchukua tangu asubuhi hadi jua linazama. Tuliteleza mara nyingi, mara mbili tukaingia mtaroni, na kila mara tulishuka, tukasukuma, tukafua nguo. Hakuumia mtu. Jambo hili sikulitilia maanani wakati ule. Niliona tu taabu. Tope lilitunyima mwendo, na kwa kutunyima mwendo lilitusamehe makosa. Tairi za mzee yule, kwa taarifa yenu, zilikuwa karibu kipara.

Msinielewe vibaya nikadhaniwa mpenda tope. Wapo watu waliokwenda kulitafuta kwa makusudi. Yale mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalipendwa duniani kwa sababu hiyo. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80 yakamaliza saba, na mwaka 1968 yakaanza zaidi ya 90 yakamaliza saba tena, na mara zote mbili mshindi alikuwa ndani ya Peugeot 404. Watazamaji walishangilia. Lakini dereva wa mashindano akikwama anapigiwa makofi, na mama mjamzito akikwama anafariki. Watu wa Mbinga na Nyasa walidai lami miaka yote, na walikuwa na haki.

Lami imekuja. Kipande cha kutoka Peramiho hadi Mbinga, takriban kilometa 78, kilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia ule mfuko wa Changamoto za Milenia, ambao mkataba wake na nchi yetu ulimalizika mwaka 2013. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66, Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi Aprili 2019, na miaka michache baadaye lami ikagusa mwambao. Safari iliyotuchukua mchana kutwa sasa ni ya muda wa kunywa chai na kurudi. Samaki wanafika Mbinga wakiwa wabichi. Mgonjwa anafika akiwa na pumzi. Nani atalalamika?

Silalamiki. Nauliza tu zile tabia za tope zimekwenda wapi. Jibu ni kwamba hazikwenda popote. Zimepanda juu ya lami zikiwa na matairi yaleyale.

Tuanze na tairi kipara. Kwenye lami kavu tairi kipara linashika vizuri tu, na hilo ndilo linalomdanganya mwenye nalo. Mvua ikinyesha mambo yanageuka. Ile mifereji ya tairi haikuwekwa kwa urembo. Kazi yake ni kuyapa maji njia ya kutokea. Ngoro ya Mmatengo inayashika maji yasikimbie, tairi linayakimbiza yasikae. Mifereji ikiisha, maji hayana pa kwenda, yanabaki kati ya mpira na barabara. Huko Ulaya tangu mwaka 1992 sheria inamtaka mwenye gari dogo awe na kina cha mifereji kisichopungua milimita 1.6, na wataalamu wengi wanaona hata hicho ni kidogo kwa mvua nzito.

Sasa ongeza mwendo. Mwaka 1963 watafiti wa shirika la anga la Marekani, waliokuwa wakishughulika na ndege zinazoteleza uwanjani wakati wa mvua, walitoa kanuni nyepesi inayoonyesha ni katika mwendo gani tairi linaacha kugusa ardhi na kuelea juu ya maji kama mtumbwi. Kanuni hiyo haiulizi uzito wa gari. Inauliza upepo. Tairi lenye upepo wa 30, kwa kipimo cha pauni walichozoea mafundi wetu, linaweza kuelea kwenye mwendo wa karibu kilometa 90 kwa saa, ikiwa maji ni mengi kuliko mifereji yake inavyoweza kuyatoa. Ukilishusha hadi 20, linaelea kwenye kilometa 75 hivi. Kwa 15 ni kilometa 65. Tazameni basi: ule upepo mdogo uliomtoa mzee wetu kwenye tope ndio unaomfanya mjukuu wake aelee kwenye lami. Gari likielea, usukani haufanyi kitu, breki haifanyi kitu, na dereva anakuwa abiria kama wengine, isipokuwa yeye anaona vizuri zaidi kinachokuja.

Hata bila kuelea, hesabu ya kusimama inatisha. Gari lenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa, likifunga breki kwenye lami kavu na matairi mazuri, linahitaji mita 36 hivi. Kwenye lami iliyolowa linahitaji kama mita 63. Likiwa kwenye mteremko wa kawaida wa milimani, lami ikiwa imelowa, ni karibu mita 80, na hapo sijahesabu mita 22 linazokwenda katika ile sekunde moja ambayo dereva anatumia kushtuka. Jumla ni kama urefu wa kiwanja cha mpira. Kona za kushukia Nyasa hazikupi kiwanja cha mpira.

Na ile tabia ya kutoa gia ili kubana mafuta? Kwenye tope hakuna aliyeithubutu. Imerudi kwenye lami, kwa sababu lami inashuka vizuri. Gari linashuka huru, mguu unakaa kwenye breki kilometa baada ya kilometa, breki zinapata moto, zinachoka. Siku mvua inanyesha na mbele kuna lori la makaa ya mawe limepunguza mwendo, maana mkoa ule tangu mwaka 2011 unachimba makaa kule Ngaka, dereva anakanyaga kwa nguvu, magurudumu ya nyuma ya pikapu tupu yanajifunga, na mkia unatangulia.

Wako watakaosema dawa ni kufunga spidi, wengine watasema ni trafiki wakague matairi. Sipingi. Lakini naona kuna jambo moja ambalo trafiki hawezi kulimaliza, nalo linatokana na jinsi nchi yenyewe ilivyo. Barabara kuu ni ya lami, na barabara nyingi za kuingia vijijini bado ni za udongo. Pikapu ya Mbinga haichagui. Asubuhi inapanda kijijini kwenye tope kuchukua mahindi, ikiwa imelegezwa upepo. Adhuhuri inatokea kwenye lami, matairi yamejaa udongo hata mifereji haionekani, nayo inatakiwa ifike sokoni kabla ya wenzake. Gari ni lile lile, tairi ni lile lile, dereva ni yule yule, na baina ya elimu mbili anazohitaji kuna hatua tatu tu za kutoka kwenye udongo hadi kwenye lami. Hakuna kibao kinachomwambia abadilishe.

Kiwanda cha Arusha kilifungwa mwaka 2009, na soko likajaa matairi ya kila aina, mengi yaliyokwisha kutumika nchi za wenzetu. Mnunuzi hutazama meno, akiona yamesimama hulipa. Bora atazame pia tarakimu nne zilizopigwa ubavuni: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2310 ni juma la 23 la mwaka 2010. Mpira wa umri huo hukakamaa, na mpira uliokakamaa haushiki lami iliyolowa hata ukiwa na meno ya mamba.

Katika safari yetu ile ya Februari, tulipokuwa tukirudi kutoka ziwani, tulifika mahali ambapo barabara ilikuwa imemwagwa changarawe, ngumu na tambarare kwa kilometa chache. Abiria tulishangilia, tukidhani sasa gari litakimbia. Mzee akasimamisha. Alishuka, akatoa pampu ya mguu chini ya kiti, akaanza kujaza upepo gurudumu la kwanza, taratibu, akihesabu kwa midomo. Mvua ilikuwa ikitunyeshea. Mama mmoja mwenye kapu la samaki akamwambia, "Baba, jamani, samaki wataoza." Mzee hakujibu. Alimaliza la kwanza, akahamia la pili, na kijana mmoja wetu, kwa aibu nadhani, akaruka chini kumpokea pampu.